Askari wa Upande Gani?

Mkifika kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi, katika vituo vya afya vya Bunia, siku moja mtawasikia wauguzi wakubwa wakicheka na kumtaja "yule munganga aliyeanguka". Msihangaike kuuliza ni nani. Ni mimi. Nilichanja watu tangu ndevu zangu zilipokuwa za kuhesabika hadi zilipokuwa nyeupe zote, na kwa kazi yote hiyo watu wamekumbuka asubuhi moja tu. Sasa nimestaafu, na walimu wenu wameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza shule ya uuguzi jinsi mwili unavyopigana na ugonjwa. Nimejaribu kuandika juu ya seli nyeupe bila kuitaja asubuhi ile. Nimeshindwa.

Nianze na aliyenifundisha. Tulimwita Papa Katho, muuguzi wa zamani aliyekuwa amefanya kazi Djugu kabla ya kuletwa mjini. Siku zile tulichemsha sindano za kioo katika sufuria iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba si ya chakula. Asubuhi moja tulikuta ganda la haragwe limenasa ndani ya sindano. Papa Katho alimwita mlinzi, akamwonyesha ile sindano, na mlinzi akajibu, "Lakini Papa, maharage yalichemuka muzuri." Siku hiyo hatukuchanja mtu. Leo mnafungua sindano mpya kwa kila mkono, mnaitumia mara moja, mnaitupa katika kisanduku. Msidhani ilikuwa hivyo daima.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba chanjo nyingine huharibiwa na baridi sawa na joto. Ile ya pepopunda, kwa mfano, ikigusana na barafu iliyotoka kwenye friza sasa hivi, inaganda na kufa, na ukiiangalia kwa haraka hutajua. Acha barafu ianze kwanza kutoka jasho, uitikise, usikie maji yakicheza ndani, ndipo uipange katika sanduku. Na alinifundisha kuangalia midomo ya mtu badala ya mkono wake. "Mutu akianza kulamba midomo," alisema, "na jasho baridi linatoka hapa juu ya mashavu, mulalishe chini mbele hajaanguka." Niliwalaza watu wengi kabla hawajaanguka, kwa maneno hayo. Midomo yangu mwenyewe sikuwahi kuiangalia.

Miaka ile Ebola ilipofika Ituri, mimi nilikuwa karibu kustaafu. Tulipewa chanjo ambayo ilikuwa kinyume cha yote niliyoyazoea. Ilikaa katika chombo baridi kuliko friza yoyote, na ukifungua kifuniko moshi mweupe ulitoka kama wa sufuria ya ugali. Kazi yetu ilikuwa kumzunguka mgonjwa: kuchanja waliomgusa, kisha waliowagusa hao, kama watu wanaofyeka majani kuzunguka moto usipite.

Katika kambi moja ya watu waliohamishwa na vita, pembeni ya mji, mama mmoja alikuwa amefariki, na vipimo vilionyesha ni Ebola. Waliomuuguza walikuwa watoto wa dada yake, wanawake wawili: Mave, mkubwa, mjane mwenye sauti ya chini, na mdogo wake Lotsove, fundi cherehani. Wao ndio waliomnywesha uji, ndio waliomfuta matapishi. Hawakuwa na homa bado. Chanjo hii huhitaji zaidi ya juma moja mwilini kabla ya kutoa kinga kamili, kwa hiyo kwa wale dada wawili kila siku ilikuwa na bei. Kila mtu katika timu yetu alilijua hilo, na mimi nililijua kuliko wote kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kuzungumza.

Nilikuja na picha yangu kubwa, ile tuliyopewa kwenye mafunzo. Imechorwa mwili wa mtu, na ndani yake watu wadogo wenye kofia za chuma na bunduki. Nilikuwa nimeitumia shuleni, kanisani, sokoni. Niliitundika kwenye mti wa hema, nikawaambia kina mama na wazee waliokusanyika:

"Ndani ya mwili kuna askari. Kuna wanaolinda mpaka, kuna wapelelezi, kuna wanaopiga adui. Chanjo inawaongezea nguvu hao askari."

Mzee mmoja aliyekaa juu ya dumu la maji aliuliza, "Askari wa upande gani?"

Nilidhani ananitania, nikatabasamu. Nilitabasamu peke yangu.

"Askari wa mwili, Muzee."

"Nasikia. Nauliza upande gani. Siye tulikimbia askari. Wengine walikuja na uniforme, wengine na kambambili, na wote walisema wanakuja kutulinda."

Mama mmoja nyuma yake akaongeza, "Na hawa wa mu damu, wanakula nini? Wetu walikula mbuzi yote."

Ninyi mnacheka. Wao hawakucheka. Nilitazama picha yangu, nikaona kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa nimewatundikia watu hawa mbele ya macho. Katika kambi ile kulikuwa na mama ambaye mtoto wake alikuwa hawezi kuona kofia ya chuma bila kujificha chini ya sketi yake, na nilikuwa nimeutaja mwili wake kama kambi ya jeshi. Badala ya kuiteremsha picha na kuomba radhi, nikazidi kueleza.

"Basi uanze weye," yule mzee alisema. "Dungwa sindano tuone."

Ombi hilo tulilizoea. Kambi nyingi zilitaka muuguzi aanze. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuchanjwa; mimi nilikuwa nimeahirisha kila mara kwa sababu moja au nyingine, na sababu ya kweli ni kwamba sindano ikija upande wangu siipendi. Bahati, dada aliyekuwa akichanja nami, mdogo kwangu kwa umri na mtulivu kuliko mimi, alinivutia benchi. Nikamwambia nitasimama, ili wote waone. Nilikuwa sijala tangu jana. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimevaa jaketi. Bahati alifuta bega langu kwa pamba. Nakumbuka nililamba midomo.

Nilipofungua macho niliona turubai, kisha mbingu, kisha miguu yangu mwenyewe ikiwa juu, imeshikwa na Bahati. Sindano ilikuwa haijanigusa. Watu walikuwa wamesimama mbali, duara kubwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amenisogelea. Nilikasirika kidogo, mpaka nilipokumbuka ni nani aliyewafundisha. Juma zima nilikuwa nimepita katika kambi ile nikisema mtu akianguka ghafula msimguse, iteni timu. Walinitii neno kwa neno. Wengine walikuwa wamefanya zaidi ya hapo: walikuwa wamekimbia. Kuanguka kwangu, kwa macho yao, kulikuwa na maana mbili tu. Ama chanjo inaua kabla hata ya kuingia, ama munganga mwenyewe ana Ebola.

Mave alikuwa mmoja wa waliokimbia.

Kilichonipata hakina uhusiano na kinga ya mwili, mkiulizwa mjibu hivyo. Ni neva. Hofu, njaa, jua na kusimama vinaungana, neva inauambia moyo punguza mwendo, mishipa inalegea, damu inashukia miguuni, kichwa kinabaki na kidogo. Mlaze mtu, inua miguu, mpe hewa, kisha mpe chai ya sukari. Hafi. Anakufa heshima tu. Na mimi nilipoinuka, suruali yangu ilibaki na msumari wa benchi. Ilikuwa imechanika kutoka kiunoni hadi karibu na goti, upande wa nyuma. Bahati alifungua kitenge chake cha juu, akanipa bila kuniangalia, na sauti ya kwanza ya kicheko ilitoka kwa watoto.

Fundi cherehani alikuwa mmoja tu katika kambi ile. Alikuwa ni Lotsove.

Alikuwa amekaa nyuma ya mashine aliyoibeba kichwani kutoka kijijini kwao, hapo kwenye mlango wa hema lake. Aliponiona nakuja nimejifunga kitenge cha maua, suruali mkononi, aliinua mkono. "Simama hapo, Munganga. Tupa pantalo, mi nitaivuta na fimbo."

"Sina ugonjwa, mama. Ni hofu tu iliniangusha."

"Na mi pia sina ugonjwa. Lakini weye unasema nikae mbali na watu. Basi na weye ukae mbali."

Nilikaa juu ya jiwe. Aliivuta suruali kwa fimbo, akairushia maji ya dawa kutoka katika kinyunyizio tulichompa sisi wenyewe, akaigeuza, akatoa mdomo kama mtu anayeona kazi mbaya ya fundi mwingine.

"Nani alishona hii?"

"Mtu wa sokoni."

"Alikupima?"

"Aliniangalia tu kwa macho."

"Inaonekana."

Akaanza kushona, nami sikuwa na pa kwenda. Nilimwomba radhi kwa ile picha ya askari. Nikamwambia nataka kueleza tena, kwa njia nyingine, kwa sababu yeye na dada yake ndio ninaowaogopea. Mguu wake haukuacha kukanyaga mashine.

"Eleza," alisema. "Uko bila pantalo, utaenda wapi?"

Nikaanza kumweleza kwa kazi yake, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitazama. Nilimwambia kila ugonjwa una koti lake la nje, na mwilini wamo mafundi ambao wakilipata koti hilo hushona vitu vidogo vinavyolikaa sawasawa, vinalibana, ugonjwa haupati mlango wa kuingia. Vitu hivyo ndivyo kingamwili. Ninyi darasani mnaviita antikori. Lakini fundi asipowahi kuliona koti, huchelewa kuanza, na Ebola haingoji. Nikamwambia chanjo hii haina Ebola ndani yake. Wamechukua kijidudu kingine kilichodhoofishwa, wakakivika koti la Ebola. Mafundi wanalipata koti mapema, wakati mwenye koti hayupo.

Mashine ilisimama. "Mafundi wanajifunza kukata ile koti?"

"Ndiyo."

"Na kiisha kazi, wanatupa kipimo?"

"Wengine wanakufa. Wachache wanabaki nacho miaka mingi. Ugonjwa ukirudi, wanaanza kushona siku hiyo hiyo."

"Na homa? Watu wanasema sindano yenu inaleta homa."

"Inaleta. Mwili ukiwa kazini unapata moto. Mkono utauma, kichwa kitauma, siku moja au mbili."

"Kwa nini asubui haukusema ivi? Ulileta bunduki." Akakata uzi kwa meno. "Dada yangu alikukimbia weye, Munganga. Hakukimbia sindano. Alisema, ule muzee ametoka jasho kama mama mudogo wetu siku ya kwanza."

Nilivaa suruali nyuma ya hema. Kisha nililala chali juu ya mkeka wake, mchana kweupe, nikamwita Bahati, na wanawake wakaja kusimama kidogo karibu zaidi ya asubuhi. Nilifumba macho kama mtoto. Bahati akanichanja. Mtu mmoja akasema, "Amelala kabisa ili asipate pa kuangukia," na walicheka wote, nami nikawaacha wacheke.

Lotsove alisema atangoja aone kama nitaamka kesho. Niliamka na homa. Mkono ulikuwa mzito, mifupa inauma, na mke wangu aliniambia nikae nyumbani. Nilikwenda hivyo hivyo, nikakaa juu ya lile jiwe nikitetemeka, nikawaambia: hii ndiyo ile homa niliyosema. Waliniangalia mchana mzima kama wanavyoangalia maziwa yasimwagike. Siku iliyofuata nilikuwa mzima, na Lotsove akatoa bega lake. Baada yake wakaja wengine, na yule mzee wa dumu naye.

Hapa niwasahihishie jambo, kwa sababu nilimrahisishia Lotsove na ninyi mtaulizwa kwenye mtihani. Kabla ya mafundi kuna wengine. Ngozi ni ukuta. Ikichanika, seli nyeupe za kwanza hufika kwa haraka, hula vijidudu na kufa palepale. Usaha mnaoukamua ni miili yao. Kuna seli kubwa zinazomeza uchafu, na kuna zile zinazochukua kipande cha koti la adui na kukipeleka kwenye tezi, za kwapani, shingoni, kwenye mapaja. Ndiyo maana tezi huvimba. Si ugonjwa mpya, ni kikao. Na mafundi hawapimi mtu. Ukweli ni wa ajabu zaidi: wako mamilioni, na kila mmoja amezaliwa anajua mshono mmoja tu. Kipande kinapitishwa mbele yao mpaka kimfikie yule ambaye mshono wake unakaribia kulikaa koti hilo. Huyo, akipata kibali cha seli nyingine zinazosimamia, anaanza kujizidisha, na watoto wake wanazidi kunyoosha mshono. Wapo pia wanaokagua nyumba za mwili wenyewe, wakikuta seli ambayo adui amekwisha kuingia wanaivunja yote. Ndiyo sababu yote haya huchukua siku nyingi mara ya kwanza. Nayo Ebola ina hila: inaingia kwanza katika zile seli zinazomeza na zile zinazopeleka habari. Inawakamata wajumbe, na kikao hakiitwi kwa wakati.

Mnaona kwa nini siku zilikuwa na bei.

Mave alikuwa amekwenda kambi nyingine, upande wa pili wa mji, kwa rafiki yake. Kila tulipouliza tuliambiwa amepita na kuondoka. Watu walidhani tunataka kumkamata, na kwa nini wasidhani. Hatimaye Lotsove mwenyewe ndiye aliyempata, akatuita. Mave alitoa mkono bila ubishi. Alinitazama machoni na kusema tu, "Kumbe ulipona." Hakuwa na homa siku hiyo. Homa ilikuja baadaye kidogo, na tulitamani sana iwe ile ya chanjo. Kipimo kilisema hapana, ni Ebola.

Siku alipopelekwa kituo cha matibabu, Lotsove alinikuta getini. Hakupaza sauti. "Mukono alitoa mara moja, Munganga. Mara moja. Angetoa na siku ile." Alitaka niseme kitu. Ningeweza kumwambia kwamba pengine ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia kabla ya mimi kuanguka, na pengine chanjo hata kama ilichelewa itapunguza ukali. Yote hayo huenda ni kweli, hakuna ajuaye. Nilinyamaza kwa sababu niliona nikisema hayo nitakuwa najitetea mimi, sio kumfariji yeye.

Mave hakufa. Alikaa muda mrefu ndani ya chumba cha plastiki inayoonyesha, akakonda, nywele zikakatika, akatoka. Na mwili uliokwisha kupigana na Ebola ukashinda unabaki na wale mafundi wachache niliowataja. Kwa hiyo kituo kiliwaajiri waliopona wawalee watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Ninyi na mimi, hata tukiwa na vyeti vya ukuta mzima, hatungeruhusiwa kumbeba mtoto wa namna hiyo bila kufunikwa kutoka kichwa hadi kidole. Mave alimbeba akiwa na uso wazi, na mtoto aliuona uso.

Mimi kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kupeleka habari kati ya wagonjwa na familia. Nilisimama nje ya uzio, mita chache, nikamwona amekaa kwenye kiti cha plastiki anamtikisa mtoto wa kike. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani.

"Mama Mave," nilisema, "nataka kukuomba—"

"Mutoto analala," alisema, chini kwa chini. "Usiongee nguvu."

Alimlaza mtoto begani, akamfuta maziwa shingoni kwa ncha ya kitambaa.

"Mama yake iko chumba ya mwisho," alisema. "Haoni mutoto tangu juzi. Umuambie amekunywa yote, amelala. Uende sasa, mbele ule mama hajaanza kulia."

Nilizunguka upande wa pili. Mama yule alikuwa kijana, umri wenu, hakuweza kuinua kichwa. Nilisogea kwenye plastiki nikamwambia mtoto amekunywa yote, amelala. Hakusikia vizuri, akaniomba nirudie. Nikarudia, maneno yale yale, bila kuongeza lolote.